Franco, Nico, Mbaraka au Hendrix: ukiambiwa uchukue mmoja

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anarudi kwao Kondoa kwa msimu wa kilimo. Ilikuwa Desemba, mvua ya kwanza imeshatuliza vumbi la Dodoma, na nyumbani wanamsubiri kwa jembe. Alipokuja kuniaga alitoa memori kadi, akaiweka mezani. "Mwalimu," akasema, "nikichanganya wengi sishiki hata mmoja. Niwekee mpiga gitaa mmoja tu, yule mkubwa kuliko wote. Nimsikilize yeye mpaka palizi iishe."

Swali hilo nimelisikia miaka mingi kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Majengo, na pale huwa haliishi. Mzee mmoja akisema Franco, mwenzake anaweka kikombe chini na kusema Nico. Kijana wa bodaboda anasema Hendrix kwa sababu ameona orodha za huko Marekani. Kashata haijaisha, mtu wa Morogoro ameshanuna kwamba Mbaraka hajatajwa. Kesho yake wanaanza upya. Lakini memori kadi ikiwa mezani, na kijana amesimama na begi lake begani, swali linakuwa jingine. Huwezi kumwambia "wote wakubwa, mwanangu" halafu ukamwacha aende shambani mikono mitupu. Inabidi uchague, na uweze kusema umechagua kwa sababu gani.

Basi nimeandika hapa jinsi nilivyowaweka kwenye mizani, kwa faida ya yeyote anayetaka kuchagua wa kwake.

Ninachopima, na nisichopima

Kasi siihesabu. Vidole vya kijana wa miaka 18 aliyekaa na gitaa saa sita kwa siku vitakimbia tu, hiyo ni kazi ya mazoezi. Wala sihesabu mauzo, maana wapigaji wakubwa kadhaa wa upande huu wa dunia walirekodi wakalipwa fedha ya siku moja, sahani zao zikazunguka bara zima bila wao kuona senti nyingine.

Napima mambo matatu. La kwanza: nikisikia gitaa tu, kutoka redio ya jirani ng'ambo ya ukuta, namjua mpigaji kabla mwimbaji hajafungua mdomo? La pili: aliacha nini mikononi mwa wengine? Ukimfuta kwenye historia, ni wangapi wanafutika pamoja naye? La tatu ndilo zito zaidi kwangu: anafanya nini mwenzake anapoimba?

Hilo la tatu orodha za ng'ambo hazilipimi sana. Zinampima mtu kwa ile dakika moja ambayo wengine wote wamenyamaza na yeye peke yake anang'ara. Muziki wetu wa dansi haukujengwa hivyo. Kwetu gitaa ni kama mtu mzima aliyekaa barazani: anasikiliza, anaitikia, anatia neno pale linapohitajika, na zamu yake ikifika anaongea mpaka watu wasogeze viti. Mpigaji anayejua kuongea bila kujua kuitikia, kwangu hajakamilika.

Franco na Nico

Hapa nitakaa, kwa sababu ubishi wa Majengo kwa kweli ni ubishi wa watu hawa wawili, na waliobaki ni wageni waalikwa.

Wamezaliwa mwaka mmoja mbali. François Luambo Makiadi, Franco, Julai 1938. Nicolas Kasanda, ambaye dunia nzima ilimwita Dokta Nico, Julai 1939. Wote walikulia Kinshasa wakati ikiitwa Léopoldville, wote walianza kurekodi wakiwa bado watoto, na wote walifia Ubelgiji: Nico mwaka 1985, Franco mwaka 1989. Ukiwaona kwa mbali utasema ni pacha. Ukisogea karibu, hakuna watu walio tofauti kama hao.

Franco alijifunza kwa gitaa alilojitengenezea mwenyewe utotoni, kopo na nyaya. Adabu za ala hakuzisomea darasani, na husikii adabu kwenye upigaji wake. Unasikia kidole gumba na cha shahada vikivuta nyuzi mbili kwa pamoja, moja juu na moja chini, kiasi kwamba kila neno analosema gitaa linatoka na mwenzake. Jaribu mwenyewe: kamata uzi wa kwanza na wa tatu, vuta zote mbili kwa mpigo mmoja, kisha panda na shuka na shingo ya gitaa bila kugusa uzi wa kati. Ndani ya dakika tano utaanza kusikia ule mlio mzito wenye kutu kidogo ambao watu wazima wakiusikia kwenye daladala ya Nkuhungu wanageuza shingo. Halafu anaurudia. Anarudia kipande kilekile mara ishirini, na kila mara anakisukuma kidogo, mpaka sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, linapofunguka unakuta umesimama na hukumbuki ulisimama saa ngapi. Bendi yake, OK Jazz, ilianzishwa mwaka 1956, naye akiwa kijana wa miaka 17, na aliiongoza mpaka kifo chake. Kuna nyakati walikuwa zaidi ya wanamuziki 20 jukwaani, na bado gitaa lake ndilo lililowaambia waende wapi.

Nico ni maji. Noti moja moja, safi, kila moja imekamilika kabla ijayo haijafika. Sentensi zake ni ndefu. Anaanza jambo, unadhani amelimaliza, kumbe alikuwa anavuta pumzi. Aliingia African Jazz ya Joseph Kabasele akiwa na miaka kama 14. Mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokwenda Brussels kwenye mkutano wa kudai uhuru, bendi ile ilikwenda nao, na huko ndiko ulikozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Ule wimbo ulivuka mipaka kuliko hotuba yoyote ya mwaka ule. Usikilize leo ukiwa umefumba macho na ufuate gitaa peke yake: halishindani na waimbaji hata mara moja. Linapita katikati yao kama mtu anayepita msibani, anajua nani wa kumshika mkono na nani wa kumpa nafasi.

Na kuna jambo la Nico ambalo wengi hulisahau. Aliyempigia ridhimu alikuwa kaka yake, Charles Mwamba, waliyemwita Dechaud. Magitaa mawili ya watoto wa tumbo moja. Wakati mwingine Nico anaacha kabisa, na Dechaud anaendelea peke yake kwa mapigo yaleyale ya kuzunguka, kisha Nico anarudi mahali ambapo hukutegemea. Mimi nilikuwa na umri wa kuoa ndipo nilipogundua kwamba nusu ya utamu wa Nico iko kwenye zile sehemu ambazo Nico hapigi.

Sasa tuwaweke pamoja. Kwa kipimo cha kwanza, cha kutambulika, wamefungana. Hakuna mtu aliyekulia na redio Tanzania atakayewachanganya. Kwa kipimo cha pili, Franco aliacha namna ya kuongoza bendi kwa gitaa, lakini Nico aliacha mkono. Ule mtindo wa solo nyororo, noti moja moja, unaoelea juu ya ridhimu, ulienea Afrika Mashariki yote, na wapigaji wetu wengi wa miaka ya 60 na 70 walianzia hapo kabla hawajapata njia zao. Kipimo cha tatu ndicho kinachogombanisha wazee. Franco anapoimba yeye mwenyewe, gitaa na sauti ni mtu mmoja anayebishana na nafsi yake, na hilo Nico hana. Lakini akiimba mtu mwingine, Kabasele au Tabu Ley, Nico anamsikiliza. Franco akisikiliza, anakuwa ameshaandaa jibu.

Mnisamehe wazee wangu wa upande wa Franco. Nimekaa na suala hili muda mrefu.

Wa nyumbani: Mbaraka na Balisidya

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa Kisarawe mwaka 1944, lakini jina lake limeshikana na Morogoro, mwendo wa kama kilomita 260 kutoka hapa kwa barabara. Aliiinua Morogoro Jazz, akaenda nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 alianzisha Super Volcano. Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa, akafariki akiwa na miaka 34. Kila nikitaja umri huo darasani, vijana hunyamaza. Wengi wao wanadhani alikuwa mzee, kwa sababu nyimbo zake wamezirithi kwa babu zao.

Mbaraka ukimpima kwa vidole tu, Nico anamzidi. Sitaficha. Lakini hakuna mwingine katika orodha hii aliyefanya gitaa liongee Kiswahili. Sikiliza anavyomaliza mstari wa wimbo na gitaa likaurudia: linafuata mkazo wa maneno, linapandisha pale sauti yetu inapopanda na kushusha pale inaposhuka, kiasi kwamba ungeweza karibu kuandika maneno yake. Mtu anayetunga kwa Kiswahili na kupiga gitaa, kama hajamsoma Mbaraka, amejinyima. Na alikuwa anaimba na kupiga solo mtu huyohuyo, usiku mzima, jukwaani, bila kupumzika upande mmoja ili afanye vizuri upande wa pili.

Patrick Balisidya ni mtu wetu kabisa. Alizaliwa Mvumi, hapahapa Dodoma, mwaka 1946. Akaanzisha Afro 70, akaiwakilisha nchi Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, mwaka 1977, akafariki mwaka 2004. Sitadai kwamba anamshinda Hendrix, na yeyote anayedai hivyo kwa sababu tu ni Mgogo mwenzake anamkosea Balisidya mwenyewe. Ila kwa kijana wa hapa ana thamani ambayo wengine hawana: gitaa lake halikukubali kuwa nakala ya Kongo. Ana mkato wake, ana ukavu fulani, na hajazi kila nafasi. Inanisikitisha kwamba nikiuliza darasa la vijana 12 kutoka Chang'ombe na Makole nani anamjua, mikono miwili inanyooka.

Hendrix, na kwa nini wanamtaja kila mara

Jarida la Rolling Stone la Marekani lilimweka Jimi Hendrix wa kwanza duniani mwaka 2003, likarudia 2011, likarudia tena 2023. Msimpuuze kwa kuwa tu ni chaguo la wengi. Wana sababu.

Alizaliwa Seattle mwaka 1942 na kufia London Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Muda aliokuwa na jina lake mwenyewe juu ya sahani ni miaka minne hivi. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, akachukua gitaa la mkono wa kulia, akaligeuza juu chini na kupanga nyuzi upya. Kidole gumba chake kilikuwa kirefu, akakipitisha juu ya shingo ya gitaa kushika nyuzi nene, vidole vinne vikabaki huru kupamba. Kwa hiyo hata yeye, anayesifiwa kwa solo, alikuwa anapiga ridhimu na solo kwa wakati mmoja. Wanaomwiga wengi huchukua kelele na kuacha hilo.

Lakini ukubwa wake hasa uko kwingine. Kabla yake, mlio wa spika ukizomea ulikuwa hitilafu. Fundi anakimbia kuzima. Hendrix akausogelea, akaushika, akaufanya uimbe. Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa peke yake, na katikati ya wimbo ukasikia mabomu na vilio, wakati nchi yake ikiwa vitani Vietnam. Hakusema neno. Kwa kipimo cha pili, cha kile kinachofutika ukimfuta, simwoni wa kumfikia kwenye gitaa la umeme.

Nikaja kwenye redio yangu. Ninayo redio ndogo ya betri, spika yake haizidi kisahani cha kahawa, na nimeshawajaribu wote humo usiku umeme ukikatika. Nico anapita mzima. Mbaraka anapita. Hendrix anapungua. Sauti yake inahitaji upepo wa spika kubwa, inahitaji chumba, kifua chako kitetemeke. Sisemi ni kosa lake, kazi yake ilikuwa huko. Ila kijana wangu anakwenda mahali ambapo simu inachajiwa kwa sola ya jirani.

Kama unavutiwa na upande huo wa Marekani lakini unataka kuitikia zaidi kuliko kuunguruma, nenda kwa B.B. King. Mwaka 1949 alikuwa anapiga kwenye ukumbi mdogo Arkansas, wanaume wawili wakapigana, wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kuwapa watu joto, jengo likashika moto. Alishatoka nje, akarudi ndani kuokoa gitaa lake. Baadaye akaambiwa waligombania mwanamke aitwaye Lucille, akaliita gitaa jina hilo, na magitaa yote yaliyofuata. Huyu alikuwa anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linajibu, hakuchanganya. Noti moja tu, anaitetemesha kwa mkono wa kushoto mpaka inalia. Septemba 1974 alipiga Kinshasa kwenye lile tamasha lililoandamana na pambano la Muhammad Ali na Foreman, na OK Jazz ya Franco ilipanda jukwaa hilohilo. Ningetoa mavuno yangu yote ya zabibu ya mwaka mmoja niwe nimesimama kati yao.

Wengine watatu kwa kifupi

Django Reinhardt aliungua moto mwaka 1928 akiwa na miaka 18, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikapooza. Akapiga solo kwa viwili vilivyobaki, na mpaka leo wenye vinne hawamfikii. Ukiwa na mwanafunzi anayelalamika mikono yake ni midogo, mwekee Django na usiseme kitu.

Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa Injili aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alishika gitaa la umeme na kulipiga kwa nguvu miaka mingi kabla ya vijana wa roki waliokuja kusifiwa kwa jambo hilohilo. Ninao wasichana wawili wa kwaya ambao walikuwa wanashika gitaa kama wanaazima kitu cha mtu. Niliwaonyesha video yake ya mwaka 1964, amevaa koti zuri, anapiga kwenye stesheni ya treni Manchester, hali ya hewa mbaya, watu wamekaa ng'ambo ya reli. Jumapili iliyofuata mmoja wao aliongeza sauti ya amplifaya bila kuniomba ruhusa.

Na Ali Farka Touré wa Mali. Huyu anatuhusu sana watu wa kati ya Tanzania. Alianza na ala ya uzi mmoja ya kwao, na alipopata gitaa hakubadilisha alichokuwa anapiga, alibadilisha chombo tu. Alipata tuzo ya muziki ya Grammy, akarudi Niafunké kulima, mwaka 2004 akawa meya wa mji huo, mwaka 2006 akafariki. Alijiita mkulima. Nikimsikiliza nasikia zeze la Wagogo: ule mzunguko mfupi usio na haraka, sauti juu ya sauti kutoka uzi uleule. Marehemu Hukwe Zawose alilipeleka zeze na ilimba zetu, zile ala za vyuma zinazopigwa kwa vidole gumba, duniani kote, na watu wa mbali walitoka machozi. Bado nasubiri mpiga gitaa wa Ugogo atakayefanya kwa zeze alichofanya Ali Farka kwa ala ya kwao. Nyimbo zipo na ngoma zipo, kilichobaki ni mtu kukaa na wazee wa Chamwino na Mvumi miaka miwili mitatu, gitaa mapajani, akisikiliza kabla ya kupiga.

Gitaa lenyewe alilokuwa nalo

Kabla sijachagua niliangalia chombo. Gitaa lake lilikuwa gitaa kavu la bei ya chini. Mtu akinunua gitaa Dar es Salaam na kulileta Dodoma, kufika Agosti mbao imeshakauka na kusinyaa. Vile vyuma vyembamba vya shingoni vinabaki vilevile, ncha zake zinatokeza pembeni na kukukwaruza kiganja. La kwake lilikuwa hivyo. Nilipitisha tupa taratibu upande wa juu na wa chini, nikachukua kisanduku cha sabuni, nikakitoboa matundu, nikaweka sponji yenye unyevu ndani, nikamwambia akiweke kwenye begi la gitaa kila usiku miezi ya kiangazi. Anayekaa Dodoma na gitaa na hafanyi hivi, siku moja atasikia mlio kama kijiti kimevunjika, akute ubao wa mbele una ufa.

Kwa gitaa kama lile, bila bendi, bila umeme, kuna mtu mmoja ambaye sijamtaja: Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, akamrekodi. Mtu mmoja, gitaa moja, kidole gumba kinatembea na besi na cha shahada kinaimba juu yake, na ukisikia mara ya kwanza utaapa ni watu wawili. Na anaimba Kiswahili. Wapiga gitaa kutoka nchi za mbali wamekesha na wimbo wake wa Masanga wakitafuta vidole vinapita wapi. Kama swali lingekuwa "nani anafaa kwa mtu aliye peke yake na gitaa kavu", ningefunga mjadala hapo.

Lakini hakuuliza hivyo. Aliuliza mkubwa kuliko wote.

Nilichoamua

Kama unataka kujua gitaa la umeme linaweza kwenda umbali gani, chukua Hendrix, na utafute spika ya maana, usimsikilizie kwenye simu. Kama una bendi, hata ya watu watano, na unataka kujua namna ya kuiongoza ukiwa na ala mkononi, chukua Franco. Ukitunga kwa Kiswahili, Mbaraka kwanza, wengine baadaye. Mwenye kwaya asimwache Rosetta Tharpe. Anayeanza leo, peke yake, chumbani, akae na Mwenda mpaka kidole gumba kijitegemee.

Na ukiniuliza mimi, mkono juu ya kifua, nani mkubwa kuliko wote waliowahi kushika gitaa, nasema Dokta Nico. Namtambua kwa noti mbili. Mkono wake umo ndani ya mikono ya wapigaji wa ukanda huu ambao hata jina lake hawalijui. Anapita kwenye redio mbovu kuliko zote. Na mwenzake akiimba, anajua kukaa kimya, jambo ambalo nimefundisha miaka mingi na bado ndilo gumu kuliko yote ninayofundisha. Najua wazee wa Majengo wanasubiri nipite kesho. Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo, nitapita.

Kwenye kadi nikamwekea Nico peke yake, kama alivyotaka: African Jazz, African Fiesta, mpaka zile za mwisho. Mwenda sikumweka. Mwenda nilimpa kwa mkono. Tulikaa saa mbili nje chini ya mwarobaini, gumba lake nalishika mimi, shahada anaiongoza mwenyewe, mpaka ule mzunguko wa kwanza ukakaa. Akapanda basi.

Februari akanipigia kutoka kilimani, upepo unavuma kwenye simu, anapaza sauti.

"Shikamoo mwalimu. Nadhani kadi imeharibika. Kuna nyimbo tatu zina mahali gitaa linapotea kabisa, halafu linarudi."

"Marahaba. Haijaharibika," nikamwambia. "Pale linapopotea, unasikia nini?"

Akanyamaza. Upepo ukaendelea kuvuma.

"Kuna jingine," akasema. "Kuna gitaa jingine chini yake, lilikuwepo muda wote."